Tamko la Wakulima, Wafinyanzi na Wafanyabiashara wa Kyela Kuhusu Akili Mnemba Katika Biashara



Sisi tunaolima mpunga na kakao wilayani Kyela, pamoja na wenzetu wanaofinyanga vyungu Ikombe na kuviuza Matema, tunatoa tamko hili kuhusu programu za akili mnemba zinazotunga maandishi, picha na sauti.

Programu zenyewe hatuzikatai. Vijana wetu wanazitumia kuandikia barua wanunuzi wa kakao wa nje, na zinawasaidia. Tunachokikataa ni mtu kuiba jina la Kyela kwa msaada wa mashine, kisha akishikwa adai kuwa mashine ndiyo iliyokosea.

Mchele wa Kyela ulijipatia jina kwa harufu na ladha yake, na kwa miaka mingi umechanganywa na mchele wa kwingine kisha ukauzwa kwa jina hilohilo. Sasa udanganyifu umepata nyenzo mpya. Mtu anaandika sentensi moja kwenye simu, anapata picha ya mama aliyeinama shambani, Milima ya Livingstone nyuma yake, na maelezo matamu ya mkulima ambaye hajawahi kuzaliwa. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam atajuaje kwamba shamba hilo halipo?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwa msimamo wetu, aliyelirusha tangazo ndiye mwenye kujibu, liwe limeandikwa na mtu au na programu. Februari 2024, baraza la kuamua migogoro la jimbo la British Columbia nchini Kanada liliamuru shirika la ndege la Air Canada kumlipa abiria aliyepewa maelezo ya nauli yasiyo sahihi na programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya shirika hilo. Shirika lilijitetea kana kwamba programu hiyo ndiyo ingewajibika yenyewe kwa maelezo yake, baraza likakataa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini hoja yake ni ya haki, nasi tunaishikilia.

Suala la vyungu linatuuma zaidi. Mwanamke wa Ikombe, wa kabila la Wakisi, hufinyanga kwa mkono, hulainisha, hupamba, huchoma, kisha mzigo huvushwa kwa mtumbwi hadi Matema. Mapambo yale hayana sahihi ya mtu mmoja. Mama amemfundisha binti, na binti naye wake. Leo yeyote anaweza kuiagiza programu imchoree pambo la mtindo huo, akalichapa kwenye vitambaa na vikombe, na Ikombe wasipate hata taarifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi, ufinyanzi ukiwemo, na inamtaka anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili apate kibali. Ila ilitungwa kabla ya mashine hizi, na haikuwaza habari ya programu kufunzwa kwa picha za kazi za watu. Tunaiomba Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) na Bunge wazibe pengo hilo, na wafinyanzi wenyewe waitwe kusikilizwa kabla muswada haujaandikwa.

Nasi tuna la kurekebisha nyumbani. Orodha ya wakulima wa chama cha msingi cha ushirika, yenye namba za vitambulisho vya taifa (NIDA), za simu na kilo za kakao za kila mmoja, si ya kubandikwa kwenye programu ili ipangwe vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadhibiti hata kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi, ambako programu hizo zinaweza kuzifikisha. Makarani wetu waache mara moja. Na anayekuja kutupiga picha au kuturekodi shambani atueleze kwanza picha na sauti hizo zinakwenda wapi, ikiwa ni pamoja na kama zitatumika kufunzia programu.

Kuhusu kakao, mkulima asipokee bei ya mnada kwa sauti inayozungushwa WhatsApp, hata ikiwa ya kiongozi anayemfahamu, kwa kuwa sauti sasa inaghushika. Athibitishe kwenye chama chake cha msingi kabla ya kuuza hata kilo moja.

Mwenye kuona tangazo la bidhaa ya Kyela analolitilia shaka alihifadhi kama lilivyo, pamoja na tarehe na namba iliyolituma, kabla halijafutwa. Alilete kwetu, nasi tutaliwasilisha Tume ya Ushindani.

Limetolewa Kyela, na viongozi wetu kwa niaba ya wakulima, wafinyanzi na wafanyabiashara wa Kyela.