Tairi Lisilotii Kanuni ya Darasani

Wapo walimu waonao programu za kompyuta za kuigiza mbio za magari kuwa upuuzi wa kuwapotezea vijana wakati. Huenda wana haki. Hata hivyo, mwalimu wa fizikia anayezipuuza ameuacha mfano ulio bora kuliko mingi iliyomo vitabuni mwake.

Darasani mwanafunzi hukaririshwa kwamba msuguano hulingana na kani inayokigandamiza kitu: hii ikiongezeka maradufu, na ule huongezeka maradufu. Kwa kipande cha mbao juu ya meza, kanuni hiyo yatosha. Kwa tairi haitoshi. Mpira hubonyea, hupata joto na kujipenyeza katika mikwaruzo ya lami. Uzito unaolilemea tairi ukizidi maradufu, mshiko wake nao huzidi, bali haufiki maradufu. Ndiyo maana gari likikata kona kwa kasi, uzito ukahamia upande wa nje, tairi za nje haziwezi kufidia mshiko wote uliopotezwa na za ndani. Mtunga programu atakayetegemea kanuni ya darasani peke yake ataunda gari lisilopatikana duniani.

Mwaka 1987 Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, pamoja na wenzake walichapisha njia ya kuueleza kwa hesabu mshiko uliopimwa maabarani. Fomula iliyotokana na kazi hiyo imekuja kuitwa ya mazingaombwe, kwa kuwa hufuata vipimo vizuri ajabu pasipo kusema ni kwa nini. (Laiti fomula zote zingepewa majina ya unyofu kama hilo!) Gari likiteleza kupita mipaka ya vipimo, fomula hubaki kukisia. David Kaemmer, Mmarekani aliyeshiriki kuanzisha iRacing, programu iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008, hakuridhika na hali hiyo. Mwaka 2011 walianza kuingiza tairi jipya, lililokusudiwa kuanzia kwenye tabia ya mpira wenyewe. Tangu hapo limerekebishwa mara nyingi.

Manung'uniko huzuka hapo. Dereva aliyejizoeza kona moja kwa miezi huamka akakuta marekebisho yamefika, na gari halishiki kama jana. Hulia kwamba ameporwa ujuzi wake. Mimi namwunga mkono kwa jambo moja tu: anayebadilisha tairi ana wajibu wa kutangaza alichobadilisha na sababu yake. Zaidi ya hapo hana kesi. Tairi la barabarani ni lile lile. Kilichosogea ni ufahamu wa watu juu yake.

Mwanafunzi wetu hapewi nafasi ya kuuona ufahamu ukisogea. Hupewa kanuni, akaitumia, akapata alama. Wapi kanuni hiyo hukoma, haulizwi. Ningependa mtahini achore grafu mbili, moja ya kipande cha mbao na nyingine ya tairi, kisha amtake mtahiniwa aeleze kwa nini mstari wa pili umepinda.