Nasaba Si Uzi Mmoja

Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama vile Manda na Mtwapa. Kromosomu Y, airithiyo mwana wa kiume kwa babaye tu, ilielekea zaidi Uajemi. Nasaba ya kukeni ilibaki Afrika. Wako basi wanaodai kwamba Uswahili ni mali ya wageni. Hoja hiyo ni potofu. Katika kizazi cha kumi nyuma yetu kila mmoja ana nafasi 1,024 za wahenga. Kromosomu Y humtaja mmoja tu. Mtoto alijifunza kunena kwa nani? Kiswahili ni lugha ya Kibantu, nayo haikuletwa na jahazi. Amhesabuye baba akamsahau mama hajaeleza nasaba, ameikata.