Kabati la Vitabu Lifunguliwe

Kila ifikapo tarehe 23 Septemba, visiwa vyetu huikumbuka siku ile ya mwaka 1964 ambayo Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo. Siku hiyo mlango wa skuli ulifunguliwa kwa mtoto wa mkulima, wa mvuvi na wa mchukuzi, Unguja na Pemba. Tunalolizungumza leo ni mlango mdogo kuliko ule, nao bado umefungwa: mlango wa kabati la vitabu.

Tunawakusudia hasa wanafunzi wa baina ya darasa la tano na kidato cha pili. Hawa si watoto wa kufundishwa herufi tena. Irabu wanazijua na sentensi wanaisoma. Lakini aghalabu hapo ndipo safari yao ya kusoma inapokatika. Mwalimu huandika ubaoni, wao hunakili daftarini, kisha hukariri walichonakili mpaka siku ya mtihani. Mtihani ukipita, daftari hutupwa. Mtoto wa namna hii anaweza kumaliza masomo yake bila ya kupata kukisoma kitabu kimoja, kwa hiari yake, toka mwanzo hadi mwisho. Huyo amefundishwa kusoma, lakini hajawa msomaji.

Wako watakaosema kuwa vitabu hakuna. Katika skuli nyingi neno hilo ni la kweli, na Serikali haina budi kulisikia. Lakini ziko skuli, za mjini na za mashamba, ambazo vitabu vya hadithi vimo, vimepangwa vizuri kabatini, vimeandikwa katika daftari la hesabu, na ufunguo uko kwa mwalimu. Ukivitazama vitabu hivyo utaona ni vipya, na upya huo haufai kuwa fahari ya skuli. Kitabu cha watoto kinachobaki kipya miaka mitano ni kitabu kisichofanya kazi.

Hatumlaumu mwalimu mwenye ufunguo. Yeye anajua kwamba siku ya kuhesabiwa mali ya skuli ataulizwa kitabu kilichopotea, wala hataulizwa ni watoto wangapi waliovisoma vilivyobaki. Kwa hivyo hufanya lile ambalo mtu yeyote mwenye dhamana angelifanya: hufunga. Dawa yake imo mikononi mwa wakubwa wa elimu. Chaki hutolewa ikatumika ikesha, na hakuna anayemtaka mwalimu airejeshe. Kitabu cha hadithi nacho kihesabiwe hivyo hivyo. Kilichochakaa kwa kusomwa kiandikwe kuwa kimetumika, na vichache vinavyopotea kila mwaka vikubaliwe kuwa ni gharama ya kazi. Waraka mmoja wenye maneno hayo utafungua makabati mengi zaidi kuliko hotuba kumi.

Kisha kuna suala la wakati. Tunapendekeza kila skuli itenge dakika 20 kwa siku, ambapo kila mtoto atasoma kimya kitabu alichokichagua mwenyewe, na mwalimu naye asome chake mbele yao. Hesabu yake ni nyepesi. Dakika 20 kwa siku 5 za wiki ni dakika 100, na kwa wiki 40 za masomo ni dakika 4,000. Mtoto anayesoma pole pole, ukurasa mmoja kwa dakika tano, atakuwa amesoma kurasa 800, yaani vitabu vinane vya kurasa mia moja moja. Wala havihitajiki vitabu vya kujaza ghala. Darasa la watoto 40 lenye vitabu 40 vya namna mbali mbali, vikibadilishwa kila wiki mbili, humwezesha kila mtoto kupitiwa na vitabu 20 kwa mwaka.

Neno tunalolisisitiza ni kuchagua. Hadithi ikisomwa ili kujibiwa maswali kumi na kupewa alama, hugeuka somo jingine, na mtoto huikimbia kama anavyoyakimbia mengine. Mwache achague, akianza kitabu kisimpendeze akirejeshe achukue kingine. Mwalimu akitaka kujua kama amesoma, amwombe awasimulie wenzake. Aliyesoma atasimulia mpaka kengele igongwe.

Baadhi ya wazee wanaogopa kuwa hadithi zitawapotezea watoto wakati wao. Tunawakumbusha kwa heshima kwamba visiwa hivi ni chimbuko la lugha sanifu yenyewe: Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hapa ndipo alipotoka Muhammed Said Abdulla, ambaye Bwana Msa wake alianza kufumbua mafumbo katika "Mzimu wa Watu wa Kale", kitabu kilichotolewa mwaka 1960. Hapa wametoka Mohamed Suleiman Mohamed, Shafi Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed. Abdulrazak Gurnah, aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alizaliwa Unguja mwaka 1948. Mwandishi huwa msomaji kwanza. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa vitabu vyetu vitajulikana ng'ambo, na mtoto wa Micheweni au Makunduchi asivijue.

Wala kusoma peke yake si jambo geni kwetu. Neno la mwanzo kuteremshwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, lilikuwa ni amri ya kusoma. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tunajua utaratibu wake: kila mtoto na juzuu yake, kila mtoto na pale alipofika, mmoja yumo katika sura fupi, mwenziwe anakaribia kuhitimu, na hakuna anayezuiwa asubiri wengine. Jioni juzuu hurudi naye nyumbani. Utaratibu huo uliotulea, wa kila mtu kwenda kwa mwendo wake na kitabu chake mkononi, ndio tunaoutaka kwa vitabu vya hadithi, safari, maarifa na historia.

Jambo hili lina uzito mwingine. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyezoea kusoma kwa Kiswahili huwa na nyenzo ya kuipandia lugha ya pili, kwani ameshajua kufuata maana ya ukurasa mzima na kulikisia neno asilolijua. Asiyezoea hubaki baina ya lugha mbili, hana nguvu katika hii wala ile, na mwishowe twasema hana akili. Akili anayo. Kilichokosekana ni kitabu.

Kwa hivyo, tunatoa mwito. Wizara itoe waraka wa kumwondolea mwalimu hofu ya kitabu kilichochakaa, na katika bajeti yake itenge fungu la vitabu vya hadithi, mbali na vile vya kufundishia. Walimu wakuu wazitenge dakika 20. Masheha na viongozi wa Chama matawini wazitafutie baraza za shehia sanduku moja la vitabu, kwani si kila kijiji kiko karibu na Maktaba Kuu ya Maisara. Na wazazi, hata asiyejua kusoma, wamwambie mtoto jioni: tusomee.

Wakaguzi wa skuli nao tunawaomba wabadilishe swali lao. Wasiulize vitabu vingapi vimo kabatini. Waulize vingapi viko majumbani kwa watoto.