Nyota mmoja hatoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wapenzi wenzangu wa mpira wa kikapu wanaodai kwamba timu yenye nyota ikishindwa, dawa ni kumpa nyota huyo mipira mingi zaidi. Sikubaliani nao hata kidogo.

Tuitazame Chicago Bulls ya Marekani. Aprili 1986 Michael Jordan alifunga pointi 63 dhidi ya Boston Celtics, na bado timu yake ikafungwa 135 kwa 131! Msimu uliofuata alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mchezo. Boston wakawatoa tena, michezo 3 kwa 0.

Ndipo viongozi wakawaleta vijana Scottie Pippen na Horace Grant mwaka 1987. Mwaka 1988 wakamtoa Charles Oakley, rafiki wa Jordan, wakamchukua Bill Cartwright, mtu mrefu wa kulinda katikati. Jordan alichukia, lakini wenye timu hawakuyumba. Mwaka 1989 kocha mpya, Phil Jackson, akaukubali mtindo wa pembetatu wa msaidizi wake Tex Winter, ambao hautaki mpira ukae mikononi mwa mtu mmoja.

Msimu wa 1990/91 wastani wa Jordan ulishuka hadi 31.5. Ubingwa wakauchukua.

Hapa shuleni kwetu kila kijana anataka kuwa mfungaji. Bado namtafuta Cartwright.

Mwalimu wa Shule ya Msingi