Wasiofika Kituoni

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilianza kuhamia hapa, na mwaka 2018 manispaa yetu ikatangazwa kuwa jiji. Kila aliyeongezeka katika hesabu hiyo ana mahali anapolala na mahali anapohitajika asubuhi, na aghalabu mahali hapo pawili haviko jirani.

Tumewasikia wengi wakisema kwamba shida ya usafiri ni uchache wa daladala. Kwa maoni yetu, hiyo ni nusu ya maneno. Barabara kuu za Dar es Salaam, Iringa, Singida na Arusha hukutana mjini kama mikono ya gurudumu, na daladala huifuata mikono hiyo kwa kuwa ndiko kwenye lami na abiria. Mama wa Msalato anayempeleka mzazi wake Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule Chuo Kikuu, hana budi kuingia mjini kwanza, kisha atafute gari la pili. Watu wawili, magari mawili, kwenda na kurudi: nauli nane kwa siku moja ya kliniki. Bado hatujataja bodaboda ya kuwatoa nyumbani hadi barabarani, ambayo mara nyingi huzidi nauli ya daladala yenyewe.

Tusimlaumu dereva haraka. Yeye humpelekea tajiri hesabu ya kila siku, gari lijae lisijae. Ndiyo maana husubiri lijae, hukatisha njia jioni, na humwacha mwanafunzi kituoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Anayepanga kwa hesabu ya siku moja hawezi kuujaribu mtaa mpya ambao abiria wake watazoea gari baada ya miezi mitatu. Jambo hilo linahitaji mkono wa mamlaka: LATRA ndiyo itoayo leseni za njia, na Halmashauri ya Jiji ndiyo ipimayo viwanja. Viwanja vinapopimwa bila kuonyeshwa kituo kitakuwa wapi, tumekwisha kumwandikia mnunuzi safari ya mguu. Hata barabara ya mzunguko wa nje, yenye kilomita 112.3, haitambeba mtu ikiwa hakuna gari lililopewa njia hiyo.

Linalotuumiza zaidi ni namna mahitaji yanavyopimwa. Mtu akisimama Sabasaba na kalamu, atawahesabu waliofika Sabasaba. Hatamwona bibi aliyeacha kwenda kupimwa presha kwa sababu ya nauli, wala binti aliyekatazwa masomo ya jioni kwa kuwa wazazi wanaliogopa giza la kutoka kituoni hadi nyumbani. Hatamwona mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, na jirani mwenye gari amesafiri. Safari hizo hazikufanyika, basi kwenye karatasi huonekana kama hazihitajiki. Kisha husemwa kwamba njia ile haina abiria.

Kamati za misikiti zinaweza kusaidia hapa, na wala si kwa kununua basi. Tunazijua nyumba zetu: wagonjwa tunaowazuru, wajane, watoto wa madrasa. Tunapendekeza kila kamati ikae na mwenyekiti wake wa mtaa, ifungue daftari moja, na iulize kila nyumba, iwe ya Muislamu au isiwe: wiki hii ni safari gani mliyoiacha, ya kwenda wapi, saa ngapi, na kwa sababu gani? Akina mama waulizwe na akina mama wenzao, maana mume huijua safari yake tu. Baada ya wiki nne daftari lipelekwe kwa diwani, na nakala yake ofisi ya LATRA, kabla njia mpya hazijagawiwa.