Jina la tovuti ulilosajili jana si kiwanja

Hapa tumezoea kuongea mbegu, mbolea na viwavijeshi, kwa hiyo najua kuna atakayeuliza bwana shamba ameingiaje kwenye mambo ya intaneti. Nimeingia kwa sababu pesa ni ileile ya mpunga. Tangu mavuno yaishe, vijana wa hapa Majimoto wananionyesha kwenye simu orodha ya majina ya tovuti, wengine wanayaita domeini, ambayo wameyasajili ili waje kuyauza kwa bei kubwa. Mmoja ana majina 14. Yamelipiwa na magunia ya mpunga wa nyumbani kwao, na mama yake hajui.

Somo wanalopewa kwenye makundi ya WhatsApp ni moja: jina la tovuti ni kama kiwanja, nunua mapema, subiri, mji utakufuata. Huu ni uongo, na wanaoufundisha wengi wao wanakula ada ya mafunzo, hawaishi kwa kuuza majina.

Kiwanja cha kando ya lami pale Mpanda kina thamani kwa sababu anayekitaka hawezi kujitengenezea kingine pembeni yake. Jina la tovuti unaweza. Tuseme umesajili mchelempimbwe.co.tz, na mwenye mashine ya kukoboa anataka kutangaza mchele wake. Anakuta jina limechukuliwa na wewe unataka milioni 2. Atafanya nini? Ataandika mchelewampimbwe, au ataongeza neno safi mwishoni, au ataweka jina la mashine yake mwenyewe, atalipa ada ya kawaida ya mwaka na kuondoka. Kwa hiyo bei ya jina lako haiwezi kuzidi usumbufu wa mteja kulikosa hilo na kuchukua la jirani yake. Kwa majina mengi mapya, usumbufu huo hauzidi bei ya soda. Na hapo nimekuhesabia mteja anayetaka tovuti, wakati wafanyabiashara wetu wengi wanauza kwa namba ya simu, WhatsApp na Instagram, na biashara inakwenda.

Watakutajia voice.com, lililouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Ni kweli liliuzwa. Lakini ni neno moja, linaeleweka dunia nzima, na kampuni iliyoliuza, MicroStrategy, ilikuwa imelishika kwa miaka mingi. Jina la kwanza la .com lilisajiliwa mwaka 1985, na hadi mwaka 1995 kusajili kulikuwa bure. Leo majina ya .com yamepita milioni 150. Maana yake jina unalolikuta wazi usiku huu limepitwa na watu wote hao kwa miaka 40. Inawezekana wote hawakuliona. Mimi ningeuliza kwanza kama waliliona wakaliacha.

Sasa hesabu. Wazoefu wa biashara hii wenyewe husema kwamba kati ya majina 100 waliyonayo, kuuza moja au mawili kwa mwaka ni kawaida. Weka ada ya shilingi 30,000 kwa jina kwa mwaka. Majina 100 ni milioni 3, kila mwaka. Ukiuza moja, lazima lilipe zaidi ya milioni 3 ndipo uanze kuonja faida. Mwenye majina 14 analipa 420,000 kwa mwaka, na kwa kiwango hicho anaweza kukaa miaka 5 bila kuuza hata moja. Hapo ameshatoa milioni 2 na laki 1. Mtamba ungeshazaa. Tena angalia zile ofa: mwaka wa kwanza jina linaweza kuwa rahisi sana, mwaka wa pili linakuja na bei kamili, na usipolipa linarudi sokoni bila kukuachia hata kipande cha ardhi.

Kijana ataniambia, lakini bwana shamba, programu ya kupima thamani imeandika dola 1,200. Programu hiyo inaangalia urefu wa jina, maneno yaliyomo na mauzo ya zamani ya majina yanayofanana nalo, kisha inakisia. Haijui kama Katavi kuna mtu mmoja mwenye pesa anayelihitaji. Na mara nyingi anayekupimia ndiye huyohuyo anayekuuzia usajili. Sisi tumepigana miaka na lumbesa na mizani ya mnunuzi. Leo tunaletewa mizani ya muuzaji na tunaishangilia.

Linalonitisha zaidi ni barua pepe ya mnunuzi wa nje. Anasema amelipenda jina, anakubali bei yako bila kupunguza hata senti, ila anaomba kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani anayoiamini. Cheti kinalipiwa. Ukishalipa, mnunuzi anapotea, kwa sababu tovuti ya cheti ni yake au ya mwenzake. Ni utapeli wa zamani sana. Mnadani umeona wapi mtu ananunua ng'ombe bila kuomba apunguziwe?

Wengine wanajidai wajanja, wanasajili majina ya kampuni. Tigo ilipobadilika kuwa Yas Novemba 2024, ungeweza kudhani ni fursa. Si fursa. Tangu mwaka 1999 ICANN, chombo kinachosimamia majina haya duniani, ina utaratibu wa mwenye alama ya biashara kumnyang'anya jina aliyelisajili kwa nia mbaya, bila kumlipa. Na majina ya go.tz ni ya serikali, usijisumbue.

Wapo wanaofanikiwa, sikatai. Wengi wao hununua kwenye minada majina ya zamani yaliyoachwa na wenyewe, wakiwa na mtaji wa kupoteza, na kabla ya kutoa pesa wanafungua NameBio kuona majina ya aina hiyo yaliuzwa kiasi gani kweli, si yanaombwa kiasi gani. Kipimo changu kwa jina jipya ni rahisi zaidi. Andika kwenye daftari wanunuzi 10 kwa majina yao, wenye uwezo wa kulipa, ambao jina la jirani halitawafaa. Kisha mpigie mtu simu ulitamke mara moja, uone kama ataliandika sawasawa. Jina la kambi za Hifadhi ya Katavi, kwa mfano, wanunuzi wake hata 10 huwapati, na kila kambi ina jina lake tayari.

Chama cha msingi, mwenye mashine, mama anayefungasha karanga: hao wasajili jina moja, la kwao, la kutumia. Nyie wenye orodha, angalieni tarehe ya kulipia tena, na majina yasiyojaza hata mistari 3 ya lile daftari yaacheni yaishe. Nitakayemkuta anauza mbolea ya ruzuku ili alipie majina, nitamfuata hadi kwa wazazi wake.