Hodi Kabla ya Daftari

Profesa Spiros Simitis alipofariki dunia mwaka 2023, hakuna aliyemlilia visiwani kwetu, wala hatudhani kuwa jina lake linajulikana hapa. Hata hivyo, kila mwananchi anayeandikisha jina lake kwa sheha ana haki ya kumjua.

Mzaliwa wa Athens na mwalimu wa sheria mjini Frankfurt, aliishuhudia serikali ya jimbo la Hessen, Ujerumani Magharibi, ikianza kukusanya habari za raia katika kompyuta. Wengine walistaajabia kasi ya mashine zile. Yeye aliuliza ni nani atakayezisoma habari hizo, na kwa kazi gani. Mwaka 1970 Hessen ilipitisha sheria ya kwanza duniani ya kulinda taarifa binafsi, naye alishiriki kuiandaa. Toka 1975 hadi 1991 alikuwa Kamishna wa kuisimamia.

Mtihani mkubwa ulikuja 1983. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilitaka kuhesabu watu, na majibu yao yatumike pia kusahihishia madaftari ya wakaazi. Tarehe 15 Desemba Mahakama ya Katiba haikuikataza sensa. Ilikataza mchanganyo huo. Sensa ikafanywa 1987, na serikali haikuanguka.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Wapo maofisa wanaoiona sheria ya namna hii kuwa ni pingamizi la kigeni dhidi ya maendeleo. Hatukubaliani nao hata kidogo. Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tulifundishwa mapema kuwa nyumba ya mtu haiingiwi bila hodi, na kwamba Suratul Hujurat inakataza kupelelezana. Profesa hakutuletea jipya hapo. Alichoongeza ni kamishna wa kuuliza.

Mvuvi anayetoa namba yake ya simu ili apate leseni ya chombo hakuruhusu namba hiyo imfikie mfanyabiashara, wala mtafuta kura, akiwemo wa Chama chetu. Tunalisema hili kwa makusudi.

Kwa hiyo tunazitaka ofisi zote, kabla ya kufungua daftari jipya, zibandike mlangoni karatasi moja ya Kiswahili chepesi: habari gani zinachukuliwa, kwa kazi gani, zitakaa muda gani, na mwananchi aliyedhulumiwa alalamike kwa nani. Ofisi isiyoweza kuyajibu hayo manne isubiri kwanza.